Prado 90 iliyopandishwa: boljointi za chini kwanza, amu za juu baadaye

Mkuu, umeuliza kama Prado yako ya 1997, KZJ95 (moja ya zile Prado 90), uliyoipandisha inchi mbili kwa springi mpya, uiagizie zile amu za juu za kisasa (amu ni mikono ya chuma inayoshikilia tairi la mbele kwenye chesisi) au ubaki na za kiwandani. Kwa upande wangu, hiyo hela isiguse amu za juu kabla hujafunga boljointi mpya za chini (kile kiungo cha gololi ndani ya kikombe kinachoiunganisha amu na tairi), pande zote mbili. Nina gari kama yako mwaka wa tisa sasa. Nitajibu kwa urefu kwa sababu ya kilichonikuta Mikumi.

Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar, mimi na familia. Kitonga tumeshuka vizuri, Ruaha Mbuyuni tumepita, tukaingia sheli pale Mikumi kujaza mafuta. Wakati wa kutoka nikakata usukani wote kushoto, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nikasikia mlio mmoja tu, paa, gari ikakaa chini upande wa kulia. Kushuka, nakuta tairi la mbele limelala na kuingia ndani ya madigadi, sivi jointi (kiungo cha ekseli inayozungusha tairi) imechomoka, hosi ya breki imekatika na mafuta yake yanachuruzika kwenye zege. Mke wangu alikuwa nyuma amempakata mtoto wa miezi mitano. Saa mbili kabla ya hapo tulikuwa kwenye kona za Kitonga, malori mbele, malori nyuma, na upande mmoja korongo.

Fundi alipoifungua ile boljointi nikaichukua gololi yake mkononi. Upande mmoja unang'aa kama kioo, upande wa pili umeliwa na kutu. Ndani ya kikombe chake hakukuwa na grisi hata kidogo, kulikuwa na tope kavu jekundu lililochanganyika na unga wa chuma. Mpira wa vumbi ulikuwa na mpasuko usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Na boljointi yenyewe ilikuwa na miezi saba tu. Niliinunua Kariakoo, boksi lina maandishi ya Kijapani, bei chini ya nusu ya ile orijino, na mimi nikajiona nimepata.

Sasa kwa nini ile ya chini ndiyo ya kuogopa? Kwenye Prado 90, na kwenye Hilux Surf ya 185 ambayo mbele ni ndugu yake, springi na shokapu vimekalia amu ya chini. Uzito wa gari unaisukuma amu kwenda chini. Boljointi imefungwa chini ya nako (chuma kinachobeba tairi) kwa boliti nne, na mguu wake unashuka kuingia kwenye amu. Kwa hiyo uzito wote wa pembe ile ya gari unaivuta gololi itoke kwenye kikombe, usiku na mchana, hata ikiwa imepaki. Kuna gari nyingine boljointi inakandamizwa, hivyo hata ikichoka inabaki imekaliwa. Hii yetu inaning'inia. Mdomo wa kikombe ukishalika, hakuna kingine kinachoishika.

Tacoma za Marekani za kizazi kile zina mpangilio huohuo wa kuning'inia, na mwaka 2005 Toyota iliyaita yarudi gereji magari zaidi ya laki saba, zikiwemo Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa ajili ya boljointi hizo za mbele. Prado hazikuwemo, kule hazikuuzwa. Ila mpangilio ukiuelewa huwezi kuuchukulia kirahisi.

Halafu kuna jambo linalowaponza wengi: hii boljointi haigongi. Stabilaiza lingi ikifa utaisikia kwenye kila tuta, bushi (mipira ya viungo vya amu) zikifa utazisikia, lakini hii imevutwa muda wote kwa hiyo nafasi iliyomo haionekani wala haisikiki. Mafundi wengi wanainua gari kwa jeki kwenye chesisi, wanatikisa tairi, wanakuambia iko poa. Ukiinua hivyo amu inaning'inia, springi bado inaibana, huoni kitu. Jeki iwekwe chini ya amu yenyewe, karibu na tairi kadiri inavyowezekana, tairi lipae kidogo, kisha mtu apenyeze mtaimbo chini ya tairi aliinue na kulishusha huku wewe umeshika pale boljointi inapokutana na amu. Mchezo wowote, yaani kuchezacheza, unaousikia kwenye kidole, usiendeshe tena. Na mpira ukiwa umechanika, hata kama hakuna mchezo, badilisha. Vumbi letu halina huruma.

Kununua: chukua ya Toyota yenyewe au ya chapa ya 555 ya Japani, kwa muuzaji anayekupa risiti na atakayekubali uifungue boksi palepale. Ya kulia na ya kushoto hazifanani, maana mkono wa usukani umeungana na boljointi hiyohiyo. Nunua na boliti nne mpya kila upande. Zile za zamani zimeshavutika miaka zaidi ya ishirini, na zenyewe ndizo zinazobeba uzito uleule. Zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), nyutoni mita 80, na nati ya chini 140. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele kidogo, usilegeze kurudi nyuma. Kama gereji haina toki renchi, hiyo kazi ipeleke kwingine, hata kama fundi ni rafiki yako.

Tuje kwenye amu za juu. Kwa inchi mbili, mara nyingi boliti za kurekebishia kwenye amu ya chini zinatosha kuirudisha gari kwenye vipimo vya wilo alaimenti (mwelekeo wa matairi). Utaona faida ya amu mpya ukipanda zaidi ya hapo, au kama usukani haurudi wenyewe baada ya kona na mwenye mashine anakwambia amefika mwisho wa marekebisho. Ukiwa umeweka na spesa za rimu au matairi mapana yaliyotokeza nje, ujue umeongeza mzigo kwenye ile boljointi ya chini. Hizo mimi ningezitoa.

Bushi za amu ya chini zibadilishe wakati huohuo, kazi ni moja. Zile boliti za kurekebishia huwa zimegandiana na chuma cha ndani cha bushi, fundi atataka kuzikata kwa grainda, na wakati mwingine hakuna njia nyingine, kwa hiyo uwe na mpya mkononi. Piga alama mahali zilipokaa kabla hajazigusa. Na hapa msimamie: boliti za bushi zisikazwe mwisho gari ikiwa juu ya jeki. Zishikwe tu, gari ishushwe, isukumwe mbele na nyuma ikae kwenye urefu wake, ndipo zikazwe. Mpira wa bushi umeshikana na chuma, ukikazwa amu ikiwa inaning'inia utabaki umepindishwa kila siku gari ikisimama, na baada ya miezi michache utaambiwa bushi ulizouziwa ni feki kumbe ziliuawa siku ya kufungwa. Zangu za kwanza ziliisha hivyo. Za pili zina mwaka wa nne.

Jioni ukifika nyumbani, lala chini ya gari na tochi kabla hujatuma hela ya amu. Piga picha ya mpira wa vumbi pande zote mbili, na picha ya zile boliti nne, uzilete hapa tuzione.