Mtoto wa kuongezewa damu kila mwezi
Dada yangu wa Urambo, umeuliza kama mwanao mwenye thalasemia, ugonjwa wa kurithi wa upungufu wa damu, anaweza kuambukizwa kwa kuongezewa damu kila mwezi. Hatari ipo, ingawa ni ndogo: damu salama hupimwa VVU, kaswende na homa ya ini B na C, lakini mchangiaji aliyeambukizwa siku chache kabla ya kuitoa huweza kupita bila kugundulika, na kila chupa ina mchangiaji wake. Fungua kadi ya kliniki uone kama alimaliza dozi tatu za chanjo ya pentavalenti, ambayo ndani yake imo kinga ya homa ya ini B. Ya C haina chanjo, kwa hiyo omba apimwe kila mwaka. Akianza kutetemeka damu ikiingia, mwite muuguzi aifunge papo hapo.