Harvard ya kuwekwa Fumba? Fikiri chumvi kwanza

Yakhe, umeuliza kama ule mwili wa Harvard, ndege ya zamani ya kufundishia marubani, unaouzwa Afrika Kusini unafaa kuletwa Unguja, uukarabati taratibu bandani Fumba. Kununua, sawa. Kuuleta hapa, mie nisingethubutu.

Harvard zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na jeshi la anga la Afrika Kusini lilifundishia marubani wake kwa ndege hizo hadi 1995, kwa hiyo vipuri si shida sana. Shida chumvi ya bahari. Mie fundi wa mashine za boti, nshayaona: rangi inatutumka kama andazi kando ya ribiti, ukigusa kwa ncha ya bisibisi unamwagika unga mweupe. Hapo alumini inaliwa.

Usitoe hata shilingi kabla hujaona picha ya kibati cha namba ya ndege na madaftari ya kumbukumbu ya ndege na injini. Wenye biashara hii hununua utambulisho kwanza, bati baadaye. Mwili bila karatasi ni pambo la hoteli tu.

Injini yake, R-1340, ina silinda 9 zilizopangwa duara. Ikikaa, oili hushukia silinda za chini. Ukipiga stata hivyo hivyo, konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Zungusha propela kwa mkono kwanza. Ikigoma, fungua plagi za chini oili itoke. Usiirudishe kinyume (wengi hufanya), oili itaingia bomba la hewa na kurudi tena ukiwasha.

Muulize muuzaji ilikolala miaka yote hiyo. Akikwambia Durban, pwani kama hapa, nitafute kabla hujalipa.