Mnaotengeneza makabati ya gemu, tuongee bawaba za mlango mzito

Wadogo zangu, nimeona tena picha ya kabati la gemu (lile la kusimama, la kuchezea kwa sarafu) limepakwa rangi safi, stika zimekaa, vitufe vinawaka taa, afu mlango wa mbele umelala kona moja unasugua fremu. Na swali ni lile lile kila mara, eti ninunue bawaba kubwa zaidi? Bawaba yenyewe mara nyingi haina shida jamani, inayoachia ni mbao iliyoshikwa na skrubu. Naandika haya kwa sababu nawapenda na kazi zenu ni nzuri, inaniuma kuona mlango unaharibu kazi ya wiki nzima.

1. Pima mlango ukiwa umeshafungwa kila kitu. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi) ya milimita 18, shiti nzima ya futi 8 kwa 4, inacheza kwenye kilo 40, kwa hiyo mlango wa sentimita 60 kwa 150 ukiwa mtupu tayari ni kama kilo 12. Hapo hujafunga spika, pawa saplai wala kioo. Simama nao kwenye mzani, toa kilo zako, basi umepata jibu. Na sarafu msizitundike mlangoni, sanduku lake likae kwenye sakafu ya kabati. Sarafu zinajaa haraka kuliko mnavyodhani, hata ile mashine ya kwanza ya gemu ya Pong iliyowekwa baa kule Sunnyvale, California, mwaka 1972, iligoma kufanya kazi, walipoifungua wakakuta chombo cha sarafu kimejaa mpaka juu.

2. Mlango mpana unatesa bawaba kuliko mlango mrefu. Chukua huo huo wa kilo 12, upana 60, uzito wake ni kama umekaa katikati, yaani sentimita 30 kutoka kwenye bawaba. Ukiziachanisha bawaba sentimita 120, ya juu inavutwa nje kwa nguvu kama ya kilo 3. Ukizibananisha zikaachana sentimita 30 tu, inavutwa kwa kilo 12, mlango ni ule ule na bawaba ni zile zile! Kwa hiyo moja iende juu kabisa, moja chini kabisa, na ya tatu ukiweka isogeze karibu na ya juu maana huko ndo kwenye mvuto, ya katikati inasaidia zaidi mlango usipinde.

3. Bawaba za jikoni. Hapa nakaa kidogo.

Kuna dogo karakana kwetu Keko, ana mkono msafi kuliko mafundi wengi wa umri wangu, alipewa kabati la mteja akalitengeneza vizuri mno. Mlango wa mbele upana 65, juu yake akafunga spika mbili, pawa saplai na boksi la sarafu, vyote mlangoni. Akachagua zile bawaba za kabati la jikoni, za kikombe cha milimita 35, akaweka mbili, kwa sababu hazionekani kwa nje na alitaka uso wa kabati uwe safi. Nilimwelewa, zinapendeza kweli. Lakini kikombe chake kinachimbwa milimita 12 hadi 13, ubao una 18, kwa hiyo nyuma yake ubao unabaki kama milimita 5 tu, na vinavyoshikilia ni viskrubu vifupi viwili kila bawaba. Karakanani mlango ulifunga vizuri tu. Kwa mteja ukaanza kushuka kidogo kidogo, akawa anaunyanyua kwa mguu ndo ufunge, wala hakutupigia simu, akadhani ndivyo ulivyo (mteja akianza kunyanyua mlango ujue skrubu zimeshaanza kutoka). Siku anafungua kutoa hela, bawaba ya juu ikang'oka na kipande cha MDF kimeng'ang'ania kikombe, ya chini ikabaki peke yake ikajipinda, mlango mzima ukamshukia mguuni. Kucha ya dole gumba ikaenda.

Dogo alikaa juu ya rundo la mbao hasemi na mtu, anataka kuacha ufundi. Nikampa ile skrubu nikamwambia angalia nyuzi zake. Zimejaa unga mkavu wa MDF, hakuna hata chembe ya mbao iliyoshikana. Akaelewa bila mhadhara. Akakata kipande cha mkongo, mbao ngumu, upana milimita 25, akakigundisha ukingoni mwa mlango urefu wote, upande wa kabati akaweka mbao ya mbili kwa mbili kwa ndani kwa gundi na skrubu, afu akafunga bawaba ndefu ya piano kutoka juu hadi chini, uzito ukagawanyika kwenye skrubu nyingi badala ya nne. Boksi la sarafu likashuka sakafuni. Ule mlango unafunga kwa kidole kimoja mpaka leo, na ni kazi yake mwenyewe.

4. Dukani, shika majani mawili ya bawaba uyatikise, ikicheza kwenye pini rudisha. Nenda na sumaku: bawaba ya rangi ya dhahabu ikinasa ni chuma kilichopakwa, na kwa hewa ya Dar au Mombasa itakula kutu.

5. Toboa kwanza. Skrubu ya milimita 4, tundu la 3. Paka nta ya mshumaa, sio sabuni, sabuni inavuta unyevu. Skrubu za shaba zinakatika kirahisi kwenye mbao ngumu, pitisha ya chuma kwanza uitoe ndo uweke ya shaba.

6. Pini zote ziwe kwenye mstari mmoja, tumia rula ndefu, usikisie kwa jicho. Kabari chini ya mlango, skrubu moja kila bawaba, fungua funga mara kadhaa, ukiridhika malizia zilizobaki.

7. Tundu likishalegea usijaze njiti za kiberiti. Litanue, gundisha kigingi cha mbao ngumu, acha kikauke hadi kesho yake, toboa upya.

8. Anayetumia TV ya chogo asithubutu kuifunga mlangoni, na asiingize mkono nyuma yake hata ikiwa imezimwa, mle umeme wa maelfu ya volti unaweza kubaki.

Mwenye mlango unaomsumbua sasa hivi aandike upana, urefu, kilo na aina ya mbao, tupige hesabu kabla hajaenda dukani.