Asaimenti ya databesi ikichelewa, nimpe sifuri ama nikate maksi?

Swali: Mwalimu habari. Nimeanza kufunza databesi mwaka wa pili hapa Kisumu, nina wanafunzi kama themanini na kila asaimenti hawakosi kumi wa kuchelewa, huyu stima ilipotea, yule bando iliisha. Niwape sifuri ama nikate maksi?

Jibu: Mzuri sana mwalimu mwenzangu. Sifuri usikimbilie, na si huruma tu naongelea, ni vile kozi yenyewe imejengwa. Kazi za databesi zimetungwa kama shanga kwa uzi mmoja, mtu anachora mchoro wa data kwanza, mchoro unazaa tebo, tebo ndizo anaandikia kwari, yaani maswali ya kutoa data, sasa mwenye amekwama kwa mchoro amekwama semesta mzima.

Mimi hukata asilimia 10 kila siku, mwisho siku tatu. Siku ya nne naweka mchoro wangu na tebo zangu zote, hapo sipokei tena, lakini hata mwenye hakuleta anazichukua anaendelea na wenzake. Amepoteza maksi za hiyo kazi moja, kozi bado anayo.

Sasa kuna kitu wengi wanaruka: asilimia 10 ya nini? Chukua kazi ya maksi 20, mtu amepata 14 na amechelewa siku mbili. Ukikata kwa zile 20 anabaki na 10, ukikata kwa 14 zake anabaki na 11.2. Mimi hukata kwa zake, juu ukikata kwa 20 mwenye alipata 6 anaenda na 2, yaani mwenye anahitaji kujaribu tena ndiye unamfukuza. Chagua yako, lakini iandike kwa kozi autilaini wiki ya kwanza, la sivyo utabishana na watu mlangoni hadi mtihani.

Kuna msichana alinijia siku moja imepita, mvua inanyesha, laptopu ameifunga kwa leso. Kwari yake ilikuwa inatoa mistari 10,000. Tebo ya wateja ilikuwa na 50, ya oda 200, alisahau sharti la kuziunganisha kwa hivyo kila mteja akapewa kila oda. Nikampa maksi za tebo, za joini, yaani kuunganisha tebo, nikamnyima, tukaketi akaongeza laini moja tu, ikatoa mistari 200. Ningemrudisha na sifuri hiyo laini angeijulia wapi?

Halafu cheki saa ya mfumo mnaotumia kupokea kazi. Kama seva inahesabu kwa UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele masaa matatu, dedilaini ya 23:59 inafunga saa tisa kasoro dakika moja usiku kwetu, na kuna watakaojua na kuna watakaolala mapema wakidhani imefungwa. Afadhali uweke saa kumi jioni siku ya kazi, watu wakiwa bado kampasi, stima ikipotea mtu anakuletea flashi mkononi.