Kabla hamjapanda wodini: mambo ya chaneli za potasiamu

Viva, yaani mitihani ya mdomo, za wanafunzi wa udaktari mwaka wa pili zimeisha, na nimesikia tena jibu lile lile: “Volteji ya mapumziko ya neva inaletwa na pampu ya sodiamu na potasiamu.” Jibu hili limewakwamisha kaka na dada zenu ambao leo ni madaktari. Wadogo zangu, nawapenda, ila kwa hili uvumilivu umeniisha.

1. Pampu inaweka akiba ya potasiamu ndani, chaneli, yaani kijitundu cha protini kwenye utando wa seli, ndiyo inayoleta volteji. Ndani ya seli potasiamu ni kama 140 mmol/L, nje kama 4. Kuna chaneli zinazovuja muda wote. Potasiamu inapotoka, chaji hasi inabaki ndani, ndipo mnapata -70 mV yenu. Mchango wa pampu yenyewe ni milivolti chache. Tieni namba hizo kwenye hesabu ya Nernst, ile inayotoa volteji ambayo potasiamu peke yake ingeifikia, mtapata karibu -95. Kwa nini basi neva haifiki huko? Anayejibu kwamba sodiamu kidogo nayo inavuja kuingia, huyo nampa alama zote.

2. Mpigo mmoja wa neva haumalizi potasiamu ya seli. Ioni zinazovuka ni chache mno kulinganisha na zilizomo.

3. Chaneli hizi haziko kwenye ubongo peke yake. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo tunapopoteza watoto.

Intani mmoja, daktari aliye mafunzoni na kijana makini kabisa, alileta mgonjwa kwenye raundi: mtoto kiziwi tangu kuzaliwa, anaanguka na kukakamaa, yuko kwenye dawa za kifafa na hazisaidii. Alieleza vizuri jinsi macho yanavyopinduka, mikono inavyotetemeka, mkojo unavyotoka. Akapendekeza dozi iongezwe. Muuguzi wa zamu akamgeukia mama na kumuuliza mtoto huanguka akiwa anafanya nini. “Akikimbia,” mama akasema. “Au akishtuliwa.” Sentensi hiyo haikuwa popote kwenye faili. Faili lilikuwa nene, kila kliniki aliyopitia imeandika kifafa na kuongeza karatasi yake, na ndani yake hapakuwa na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hata moja.

ECG ikapigwa. QT, muda wa umeme wa pigo moja hadi moyo utulie, ilikuwa ndefu kiasi kwamba hata mwanafunzi aliyesimama nyuma kabisa aliiona. Yule kijana alikaa kwenye benchi la korido, hakusema kitu mpaka raundi ikaisha. Sikumkaripia. Alikuwa amefuata njia ile ile waliyopita wote waliomtangulia kwenye faili lile, na mimi bado naumia kila nikiona mwingine anaipita.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Mwaka 1957 madaktari Jervell na Lange-Nielsen walieleza familia moja ya Norway yenye watoto sita: wanne walikuwa viziwi na wenye kuzirai, na watatu kati ya hao walikufa ghafla. Leo tunajua kwamba mara nyingi tatizo ni jeni ya KCNQ1, inayotengeneza chaneli ya potasiamu. Kwenye moyo chaneli yake husaidia kurudisha volteji chini baada ya kila pigo. Kwenye sikio la ndani humimina potasiamu katika majimaji yanayoogesha seli za kusikia. Ikikosekana, sikio halisikii, na moyo unachelewa kujipanga upya hadi siku ya mbio unapoteza mdundo. Damu haifiki kwenye ubongo, mtoto anatetemeka, na kila anayemtazama anaona kifafa. Dawa ya kifafa haitaulinda moyo huo. Yule mtoto alianzishiwa propranolol, dawa inayoukinga moyo na msukumo wa adrenalini. Kwa hiyo kiziwi anayezirai apigwe ECG, na anayeanguka akikimbia, akiogelea au akishtuka apigwe ECG. Msiniambie mashine iko jengo la pili.

4. Koboko wa kijani, yule wa minazi na miembe ya pwani yetu, ana sumu iitwayo dendrotoksini. Inaziba chaneli za Kv1, kundi mojawapo la chaneli za potasiamu za neva; ncha ya neva inachelewa kutulia, kalsiamu inaingia kwa wingi, asetilikolini, kemikali inayoamrisha misuli, inamwagika na misuli inachezacheza yenyewe. Sasa shikeni hapo hapo: jeni ya KCNA1, inayotengeneza Kv1.1, ilihusishwa mwaka 1994 na ataksia ya vipindi aina ya 1. Mgonjwa anapepesuka kwa dakika chache, kisha anarudi sawa, na kati ya vipindi utaona misuli inacheza chini ya ngozi. Anayeielewa sumu ya koboko hana haja ya kuukariri ugonjwa huu.

5. Ulizeni kila mara chaneli imegoma kufunguka au imegoma kufunga. Chaneli za potasiamu za KCNQ2 na KCNQ3 ni breki ya neva. Zikilegea, mtoto mchanga anapata degedege katika siku zake za kwanza, na wengi husaidiwa na karbamazepini, dawa ya kifafa. Lakini KCNT1, chaneli nyingine ya potasiamu, huleta kifafa kikali kwa kufunguka kupita kiasi. Maelezo yenye nguvu ni kwamba neva za kutuliza ndizo zinazozimwa kwanza. Kwa hiyo “kufungua chaneli ni kutuliza ubongo” si sheria. Na dawa ya kufungua KCNQ tuliwahi kuwa nayo, retigabini. Iliondolewa sokoni mwaka 2017 baada ya kubadili rangi ya ngozi na retina za baadhi ya wagonjwa.

6. Kisukari kabla ya miezi 6 msikiite aina ya 1 kwa mazoea. Mwaka 2004 ilionekana kuwa baadhi ya watoto hawa wana kasoro ya KCNJ11: chaneli ya potasiamu ya kongosho inakataa kufunga, insulini haitoki. Chaneli hiyo hiyo ipo kwenye neva, ndiyo maana wengine huchelewa kukua kiakili na kupata kifafa. Glibenklamidi, kidonge kile kile cha bei nafuu cha kliniki ya kisukari, huifunga, na wengi wao wameacha sindano. Msibadilishe dawa peke yenu. Endeleeni na insulini, chukueni damu ya kipimo cha jeni, na mpigieni simu daktari wa homoni za watoto siku hiyo hiyo.