Maswali na majibu: Fosforasi ya majitaka na namba za maabara

*Mkaa wa mifupa tunaotolea floraidi kwenye maji ya kunywa, utanasa pia fosforasi ya majitaka ya nyumba yetu ya wageni? (Usa River)*

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile: haufai. Mfupa wenyewe ni fosfati ya kalsiamu. Usipooshwa vizuri hutoa fosfati. Na mkaa uliokwisha kugusa majitaka usirudi kamwe kwenye ndoo ya maji ya kunywa.

*Na mkaa wa kuni? (Majengo, Moshi)*

Hapana. Uso wake una chaji hasi, fosfati nayo ni hasi; vinasukumana.

*Udongo mwekundu niliouchoma umenasa miligramu 20 kwa gramu. Nahitaji kiasi gani kwa mita za ujazo 10 kwa siku? (Mwanafunzi, Tengeru)*

Ulipimia maji gani? Namba kubwa namna hiyo kwa kawaida hutoka kwenye maji safi yaliyokolezwa fosfati. Majitaka ya majumbani yana miligramu 5 hadi 15 tu za fosforasi kwa lita, pamoja na bikaboneti na uozo vinavyogombea nafasi zilezile. Rudia kwa majitaka yako mwenyewe, yaliyochujwa. Andika pia kama ni fosforasi au fosfati: namba ya fosfati ni kubwa mara tatu, na wengi hujidanganya hapo.

Tuseme umebaki na miligramu 4 kwa gramu. Mita 10 zenye miligramu 8 kwa lita hubeba gramu 80 za fosforasi; kilo moja inanasa gramu 4. Ni kilo 20 kila siku, 600 kwa mwezi. Kama hukupanga namna ya kuuvua udongo huo fosforasi iliyoushika na kuutumia tena, umeanzisha kazi ya kubeba udongo.

*Pipa langu la punje za chuma za kunasa fosforasi lilikwenda vizuri, sasa fosforasi inayotoka inazidi inayoingia. (Mabogini)*

Lifunue, linuse. Harufu ya yai bovu na punje nyeusi maana yake oksijeni imeisha humo ndani: chuma kinayeyuka na kuachia fosfati kilizoshika. Chanzo ni tope na mwani kuziba, kwa hiyo tanguliza chujio la mchanga. Pima pH (kipimo cha tindikali) saa tisa alasiri pia, si asubuhi tu. Jua likiwaka, mwani wa bwawani huipandisha kupita 9, na chuma hushika vizuri chini ya 7.

*Nyenzo ya kunasa ikishiba fosforasi, niimwage shambani? (Marangu)*

Ya kalsiamu, ndiyo, kwenye udongo wenye tindikali kama wa migomba na kahawa huko kwenu. Fosfati ya Minjingu, mbolea ya mwamba, hufanya kazi hivyohivyo. Lakini vaa glavu, mayai ya minyoo huishi humo miezi mingi.

Ya chuma, usimwage. Udongo wenu mwekundu tayari una chuma kinachong'ang'ania fosforasi. Ivue kwanza: gramu 40 za kostiki (magadi makali, sodiamu haidroksaidi) kwa lita ya maji (tia kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki), koroga saa kadhaa, chuja, kisha tia chokaa kwenye maji hayo. Masimbi yanayotuama ndiyo yenye fosforasi. Kostiki hutumika tena. Suuza punje mpaka pH ishuke chini ya 8, la sivyo zikirudi kwenye pipa hazitanasa kitu.