Mwanangu, kwa nini mzee Zawose ni namba moja

Mwanangu mpenzi,

Salamu kutoka Majengo, hapa Dodoma. Mvua zimeanza, vumbi limelala, na mimi mzima wa afya. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umeuliza: "Mama, orodha ya nyimbo za mwaka 2024 inaongozwaje na mtu aliyefariki mwaka 2003? Marijani nimeshamzoea, lakini huyu mzee Zawose, mwimbaji wa Kigogo, nieleze. Au ni kwa sababu ni wa kwetu?" Nimeona jibu la simu halitoshi, ndiyo maana naandika.

Kwanza ujue orodha inatoka wapi. Unalikumbuka daftari la vipimo, lile la jalada gumu. Mbele naandika viuno na mabega ya wateja, nyuma naandika nyimbo. Redio inawaka tangu nafungua kibanda mpaka nafunga, kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kunipitia mara sita kwa siku. Wiki ya kwanza kila wimbo mpya ni mtamu. Mimi nasubiri mwezi wa tatu. Ukipigwa nikajikuta mguu umeacha kukanyaga cherehani ili nisikilize, nauwekea alama. Mwisho wa mwaka nahesabu alama. Tarehe ya kutoka siihesabu, mwanangu. Wimbo wa mwaka kwangu ni ule ulionisimamisha kazi mwaka huo.

Namba tano ni Marijani Rajab, yule mwimbaji wa dansi, na umesema umeshamzoea. Namba nne ni Komasava ya Diamond. Watoto wa jirani wameicheza mbele ya kibanda mpaka wamechimba udongo, na ngoma yake imepikwa vizuri, mwili haukai. Ila nikiisikia jioni nimekaa peke yangu, hainiachii kitu. Namba tatu hutaipata popote. Ni wimbo walioimba kinamama wa kwaya usiku wa msiba wa jirani yetu, umeme umekatika, sauti tupu bila chombo. Daftari nilikuwa nimeliacha kibandani. Alama niliiweka asubuhi yake kabla hata ya kufagia.

Namba mbili, Mapoz, ilikaribia kabisa kuchukua nafasi ya juu. Redio yangu inameza besi, kwa hiyo niliusikia wimbo wenyewe hasa nilipopanda treni ya SGR kuja kwako. Binti aliyekaa pembeni yangu alinipa spika yake moja ya sikioni, tukasikiliza wote kuanzia Kilosa. Diamond amemkaribisha Mr Blue, yule uliyekuwa ukimuimba na sare ya shule ya msingi, akamleta na Jay Melody, na hakuna anayemzidi mwenzake kelele. Jay Melody anaingia taratibu kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Namba mbili ya heshima.

Sasa mzee Hukwe Zawose.

Nilipokuwa mdogo, redio ikipiga ilimba yake, ile ala ya Wagogo ya vyuma, nilidhani spika imeharibika. Kila noti ilikuwa na mvumo nyuma yake, kama nyuki kaingia kwenye kopo. Siku moja babu yako aliipeleka redio kwa fundi, ikarudi vilevile na hela imeliwa. Nikaichukia ile sauti. Na nikuambie ukweli, nilikuwa naona haya pia. Sisi watoto wa mjini tulitaka dansi, magita ya kina Mbaraka Mwinshehe, na ilimba tuliiona ni ya wachunga ng'ombe. Mtu akinisalimia "mbukwa", salamu ya Kigogo, mbele ya wenzangu nilijifanya sijasikia.

Mwaka huu nilishona sare za kikundi cha kinamama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wakanialika Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo. Nilikwenda kuangalia mishono yangu, kama inahimili mtu akibana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga kwa nguvu zile. Ilihimili. Baadaye nikakaa kivulini karibu na mzee mmoja mpiga ilimba, akanipa niishike. Ni kisanduku cha mti, juu vyuma vyembamba vimepangwa safu. Kwenye ubao pana tundu, na juu ya tundu kitu cheupe, chembamba kuliko karatasi ya sigara. Nikamuuliza. "Utando wa buibui," akasema. Ule ambao buibui anafungia mayai yake. Yeye anaubandua ukutani na kuuweka pale makusudi. Akapiga chuma kimoja, mvumo ukaja. Akaziba tundu kwa kidole, akapiga tena. Sauti ikatoka safi, lakini kavu, haina mtu ndani yake.

Mwanangu, miaka yote ile redio ya babu yako ilikuwa nzima.

Niliporudi nikamwomba binamu yako aniwekee nyimbo za mzee Hukwe kwenye simu. Mtu wa kijiji cha Doma, hapa hapa kwetu, ambaye Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita Dar es Salaam, akaja kufundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akaipeleka ilimba Ulaya bila kuufuta ule mvumo. Sauti yake inaanzia chini kifuani, halafu inapanda ghafla mpaka unadhani amepokewa na mtoto. Tangu siku ile nimemwekea alama 31. Hakuna aliyemfikia. Cherehani imesimama mpaka wateja wananiuliza kama naumwa mguu.

Kwa hiyo sijampa nafasi kwa sababu ni wa kwetu, kama ulivyodokeza. Ningempa kwa ajili hiyo ningempa tangu zamani. Nimempa kwa sababu mwaka 2024 ndio mwaka niliomsikia.

Gauni lako la kitenge limekwisha, nalituma na basi la kesho asubuhi. Kiuno nimekiachia nafasi kidogo. Mfukoni nimeweka memori kadi yenye nyimbo zote, isipokuwa namba tatu.

Mama yako